Gari la mbio la rimoti kwa mtoto wa miaka 8: aanze na lipi, na ashindane na nani?

Swali: Fundi, salaam aleikum. Mimi ni mama wa Bombo, Uganda. Binti yangu ana miaka 8, na tangu baba yake ampeleke Busiika kuona mashindano ya magari hana hadithi nyingine. Tulimnunulia gari la rimoti Kikuubo, Kampala, likafa hata wiki mbili hazijaisha, na fundi tuliyempelekea akasema halina spea. Sasa mjomba wake aliye Uingereza anakuja Desemba, na ameahidi kumletea gari la kweli la mbio, la umeme. Ameona moja mtandaoni linakwenda kilomita 60 kwa saa na bei yake si mbaya. Mimi sijui lolote katika mambo haya. Achague gari gani? Nasikia betri zake zinawaka moto, ni kweli? Na atashindana na nani wakati hapa kwetu hakuna uwanja? Halafu kuna mdogo wake wa miaka 4, huyo najua atalia.

Jibu: Wa aleikum salaam, dada. Kabla ya yote mpigie mjomba simu umwambie lile la kilomita 60 aliache dukani. Kasi hiyo ni karibu mita 17 kwa sekunde. Ukiwa na kompaundi ya mita 20 kutoka ukutani hadi kwenye geti, gari litaimaliza kwa sekunde moja na kidogo, na kwa muda huo mtoto wa miaka 8 bado anafikiria akate kushoto au kulia. Atakachojifunza ni kugonga ukuta. Siku ikiwa mbaya atagonga mguu wa mtu, na gari hilo si jepesi. Wauzaji huandika kasi kwa herufi kubwa kwenye boksi kwa sababu kasi ndiyo inayouza. Anayeanza anatosheka na gari la kilomita 20 hadi 25 kwa saa, tena kwa mwaka mzima, na hata hilo mwanzoni tutalipunguza.

Gari la Kikuubo lilikufa kwa sababu halikutengenezwa lifunguliwe. Ndani yake kuna kibao kimoja cha umeme kinachofanya kazi zote: kinapokea mawimbi ya rimoti, kinaendesha mota, kinageuza matairi. Kitu kimoja kikiungua, vyote vimekwenda. Tena usukani wake hauna nusu: ni kushoto kabisa, kulia kabisa, au moja kwa moja. Gari la mbio lina vipande vilivyotengana, kila kimoja na waya wake na soketi yake. Kuna risiva inayosikiliza rimoti. Kuna servo, kijimota chenye mkono kinachogeuza matairi ya mbele. Kuna kidhibiti mwendo, kinachoamua mota ipate umeme kiasi gani. Halafu mota yenyewe. Servo ikifa unafungua skrubu mbili, unachomoa waya, unaweka nyingine, basi. Na matairi yanafuata mkono: ukizungusha kigurudumu cha rimoti kidogo, yanageuka kidogo. Bila hilo mtoto anabonyeza tu, haendeshi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji, awe wa London au wa Kampala, ni hili: mkono wa mbele ukivunjika, unauzwa peke yake? Akianza kuzungukazunguka, mwageni.

Sasa tuje kwenye aina. Kwenu Bombo ni moramu na vumbi jekundu, na lami laini isiyopitwa na magari mtaitafuta sana. Kwa sababu hiyo muache yale yenye umbo la saluni, yaliyolala chini, hata kama ndiyo yanayofanana na Subaru aliyoiona Busiika. Kokoto moja ya ukubwa wa harage inatosha kuyaning'iniza. Chukueni bagi ya kipimo cha 1/10, yaani yenye urefu wa kama sentimita 40, matairi makubwa yenye meno na tumbo lililoinuka, inayosukumwa na matairi ya nyuma. Zile zinazosukumwa na matairi yote manne hushika kona vizuri zaidi, lakini zina gia nyingi zaidi za kusafisha na kubadilisha, na kwa mtoto mimi naona ni mzigo wa bure.

Kampuni ningeichagua Tamiya ya Japani, ambayo imekuwa ikitengeneza magari ya rimoti tangu 1976. Si kwamba ndiyo yanayoshinda mbio kubwa, hapana. Sababu yangu ni spea. Bagi yao ya The Grasshopper ilitoka mwaka 1984, ikarudishwa sokoni 2005, na ukivunja kipande chake leo utakiagiza. Ina mota ndogo ya aina ya 380, kwa hiyo haikimbii kupita kiasi, na muundo wake ni rahisi mno. Ubaya wake ni kwamba ekseli ya nyuma haina uhuru wa kila tairi kivyake, hivyo kwenye mabonde huruka hovyo. Ile ya DT-03 ni ya kisasa zaidi, ina shokapu za mafuta pande zote nne na mota ya 540, iliyo kubwa na yenye nguvu kuliko ile ya 380. Kwa mtoto anayetaka mashindano hasa, ningempa DT-03 na kumbana kasi. Kama bajeti ya mjomba ni ndogo, Grasshopper haitamwaibisha mtu.

Kuna pia Traxxas Slash ya Marekani, inayokuja ikiwa imeshafungwa, na kidhibiti mwendo chake kina hali ya mafunzo inayokata nguvu kwa nusu. Ni gari gumu kuvunjika, hilo siwezi kulikana. Lakini lina urefu wa zaidi ya nusu mita, ni ghali kuliko hizo mbili, na litatoka kwenye boksi likiwa zima, mtoto asijue ndani kuna nini.

Hapo ndipo penye mzozo wangu na wazazi wengi. Wanataka gari lililofungwa tayari ili mtoto afurahi siku hiyohiyo. Mimi nasema mleteeni la kufunga wenyewe. Boksi la Tamiya linakuja na vipande kwenye mifuko yenye herufi na kitabu cha picha tupu, hatua kwa hatua, kiasi kwamba hata asiyesoma Kiingereza vizuri anakifuata. Mtoto wa miaka 8 akisaidiwa na mtu mzima atalimaliza kwa wikendi mbili za Desemba bila haraka. Akishaifunga difu, yaani gia zinazoruhusu matairi mawili yazunguke kwa kasi tofauti, kwa mikono yake, akapaka grisi na kuona tairi moja likizunguka mbele na jingine nyuma, siku itakapotoa sauti ya kukwaruza atajua sauti inatoka wapi. Aliyeletewa lililofungwa atalia na kulileta kwako, na wewe utampelekea fundi wa simu.

Kuhusu bisibisi, lisikupite: skrubu za Kijapani zinafanana na zile za nyota tulizozoea, ila njia yake si ileile kabisa. Bisibisi ya kawaida inateleza na kuila kichwa, na skrubu ikishaliwa kichwa kwenye plastiki utatoa jasho kuitoa. Mjomba anunue moja ya kipimo cha Kijapani, JIS, bei yake ni ya soda chache tu.

Mjomba ajue pia kwamba boksi la Tamiya halina kila kitu. Kwa kawaida ndani hakuna rimoti wala risiva, hakuna servo, hakuna betri, hakuna chaja, hakuna rangi. Watu wengi wameona bei ya boksi wakashangilia, kisha wakafika nyumbani na gari lisiloweza kusogea. Rimoti iwe ya masafa ya 2.4 GHz, yenye umbo la bastola na kigurudumu pembeni, nyepesi kwa mkono mdogo, na iwe na kitufe cha kupunguza nguvu ya triga. Kama binti anatumia mkono wa kushoto, zipo ambazo kigurudumu chake kinahamishika upande wa pili, aulize.

Rangi ina mtego wake. Bodi ya aina hizi, ile plastiki nyembamba inayopitisha mwanga kama kioo, hupakwa kwa ndani, na kwa rangi maalumu ya polikaboneti. Ukiipuliza rangi ya magari ya soko la Kisekka itapasuka na kubanduka kwenye mgongano wa kwanza. Na kopo la kupuliza haliruhusiwi kwenye mzigo wa ndege kwa sababu lina gesi inayowaka. Basi achukue rangi ya polikaboneti ya maji, isiyowaka, ya kupaka kwa brashi, au aache bodi bila rangi na mbandike stika. The Grasshopper haina tatizo hili, bodi yake ni plastiki nene ngumu, unaipaka kwa nje.

Kama pesa zipo kwa gari moja la hali ya juu, mwambie anunue mawili ya kawaida yanayofanana. Gari moja peke yake ni mchezo wa wiki tatu. Mawili yanayolingana ni mbio, maana mtoto wa jirani akishinda, kisingizio cha gari hakipo. Pia spea za moja zinaingia kwenye jingine, na ikibidi unavunja moja kuliokoa la pili mpaka mzigo ufike.

Spea ziagizwe siku ileile ya gari, si baada ya kuvunjika, kwa sababu kutoka Uingereza hadi Bombo ni mwendo, na mizigo ya kuagiza ina kodi zake juu, VAT ya asilimia 18 ikiwemo. Vinavyovunjika kwanza navijua kwa moyo: mikono ya mbele, kile kipande kinachoshika tairi la mbele na kugeuka nalo, kilinzi cha servo (kipande kinachoikinga servo tairi likigonga), na pini za bodi, ambazo hazivunjiki ila hupotea kwenye nyasi kila siku. Pini ukikosa, pini ya kawaida ya nguo hufanya kazi. Ongeza gia mbili za ziada za mota. Na ongeza beringi. Maboksi mengi ya bei nafuu huja na bushi za plastiki mahali pa beringi, na vumbi letu huzila bushi hizo upesi hadi tairi linacheza. Magari mengi ya Tamiya yanatumia beringi ya milimita 5 kwa 11. Mjomba anunue pakiti yenye vizibo vya mpira pande zote, na mzifunge tangu siku ya kwanza mkiwa mnaunda gari.

Sasa betri, maana hapo ndipo moyo wako ulipo. Ni kweli, ipo aina inayowaka, ile ya lipo, yaani ya lithiamu. Ni nyepesi na ina nguvu, na wakimbiaji wazoefu karibu wote wanaitumia. Ikichajiwa kupita kiasi, ikitobolewa, au ikichajiwa wakati imevimba, inaweza kutoa moshi na moto mkali ambao kitambaa chenye maji hakiuwezi. Tena haipendi kushushwa hadi mwisho: kila seli ikipungua chini ya volti 3 inaharibika, na baadhi ya vidhibiti mwendo vya magari ya kuanzia havijui kukata umeme kabla ya hapo. Kwa hiyo binti aanze na betri ya nikeli, ile inayoandikwa NiMH, ya volti 7.2. Ni nzito kidogo na nguvu yake inapungua polepole kadiri inavyokwisha, lakini inavumilia makosa ya nyumba yenye watoto. Moja ya mAh 3000 (hicho ni kipimo cha umeme inaoubeba) itampa kama robo saa ya kuendesha na mota ya kawaida. Anunue mbili.

Chaja ndiyo mahali pa kutobania. Ile ndogo ya kuchomeka ukutani inayokuja bure na betri itachukua saa nyingi kujaza, na haijui betri imejaa lini. Mnunulieni chaja inayotambua kujaa na kujikata yenyewe, inayochaji nikeli na lipo zote ili msinunue nyingine baadaye. Iwe na njia mbili za kuingiza umeme, ya ukutani na ya volti 12, hivyo umeme ukikatika unaunga kwenye betri ya gari au ya sola na mbio zinaendelea. Betri ya mAh 3000 unaichaji kwa ampea 3, na itajaa kwa saa moja na dakika chache. Usiwe na wasiwasi na Yaka, umeme wa kulipia kabla: yuniti moja inajaza betri hiyo zaidi ya mara 20. Angalieni pia soketi ya betri na ile ya gari ziwe za umbo moja. Zipo aina nyingi, na kuunganisha kwa kukata waya ndiko kunakoleta shoti.

Sheria za nyumbani ziwe chache ila zisizo na mjadala. Anayechaji ni mtu mzima. Betri inachajiwa juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu, mbali na zulia, godoro na sigiri, na mtu yupo macho karibu. Ikitoka kwenye gari ikiwa ya moto, ipoe kwanza ndipo ichajiwe. Siku mtakapohamia lipo, iwe yenye ganda gumu, ichajiwe kwa hali ya kusawazisha seli kwenye chaja, ihifadhiwe ikiwa nusu (volti 3.8 kwa seli), na ikivimba iwekwe nje na isitumike tena hata kama inafanya kazi.

Kwa safari ya mjomba: betri za ziada anaziweka kwenye begi la mkononi, si kwenye lile linaloingia tumboni mwa ndege. Aina ya lipo inaruhusiwa hadi wati-saa 100 kila moja, na ya kawaida ya volti 7.4 yenye mAh 5000 ni 37 tu, basi hana shida, ila vichwa vya waya avifunge kwa tepu visigusane. Kutuma betri za lithiamu peke yake kama mzigo wa ndege ndiko kwenye taabu, kwa sababu ndege za abiria haziruhusiwi kuzibeba kwa njia hiyo. Gari lenyewe bila betri husafiri bila maswali.

Siku ya kwanza msiende uwanjani. Liweke gari juu ya kopo ili matairi yasiguse chini. Rimoti inawashwa kwanza, gari pili. Wakati wa kuzima, gari kwanza, rimoti mwisho. Ukigeuza mpango huo, gari linaweza kuruka mezani likiwa halina anayeliamuru. Kisha fanya jaribio hili: binti abonyeze triga kidogo matairi yazunguke, na wewe uzime rimoti. Matairi yasimame papo hapo. Yasiposimama, rudi kwenye kitabu cha rimoti upange upya amri ya dharura, ile inayolisimamisha gari likipoteza mawimbi, kwa sababu gari lililopoteza mawimbi huku linakimbia kuelekea barabara ya Gulu hutalipata salama. Nywele zifungwe nyuma na ncha ya leso iwe mbali, gia za nyuma hazichagui.

Halafu mbane triga. Kama rimoti ina kitufe cha kupunguza nguvu, weka asilimia 40 au 50. Kama haina, kata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo ukibandike nyuma ya triga, iishie nusu njia. Inaonekana ni ushamba lakini inafanya kazi vizuri sana, na faida yake ni kwamba mtoto mwenyewe anaiona.

Kinachowasumbua wote, wakubwa kwa wadogo, ni gari linapowarudia. Likienda mbele yako, kulia ni kulia. Likigeuka kuja kwako, kulia kwake ni kushoto kwako, na mkono unakosea. Kwanza atembee nyuma ya gari, popote linapokwenda naye yupo nyuma yake. Baadaye asimame mahali pamoja. Weka chupa mbili za soda zilizojaa mchanga, mita 5 kati yake, azungushe namba 8 polepole. Namba 8 ina kona za pande zote mbili na kila mzunguko gari linamrudia, kwa hiyo haikwepeki. Mtoto mwingine wa umri huo anaishika kwa siku chache, mwingine anahitaji likizo nzima, na aliyechelewa si lazima awe dereva mbaya. Akizoea, mpe zoezi la kuegesha: tofali mbili zenye nafasi inayozidi gari kidogo kila upande, aliingize likiwa linamjia. Hapo atajifunza kuachia triga mapema, na kuachia ndiko kunakoshinda mbio. Mtu yeyote asimbane kwa kumpigia kelele "kulia, kulia!", maana aliye pembeni naye hajui ni kulia kwa nani.

Uwanja mtautengeneza. Fagieni kompaundi au kona ya uwanja wa mpira mkiruhusiwa, mchore njia ya upana wa mita 3 kwa mipira ya maji iliyochakaa au magunia yaliyokunjwa. Mawe hapana, yanavunja mikono ya gari. Kona ziwe za kushoto na kulia, na angalau moja ngumu mbali na dereva. Nyunyizeni maji kidogo asubuhi ili vumbi litulie. Dereva asimame mahali palipoinuka, ngazi za veranda zinatosha, na asishuke kulikimbilia gari. Mbio za magari haya zina kanuni tofauti na zile za Busiika: mara nyingi hupewa muda, dakika 5, na anayezunguka mara nyingi zaidi ndani ya muda huo ndiye mshindi. Mtoto mmoja ahesabu mizunguko kwa kudondosha karanga kwenye kikombe. Aliyemaliza kukimbia hapumziki. Anaingia uwanjani kuwa marshali wa wenzake, kuinua yaliyopinduka. Marshali anatazama kwanza kama kuna gari linakuja, analishika kwa bodi au bampa na si kwa tairi, analiweka likielekea njia, anaondoka. Watoto wanaipenda kazi hii kuliko unavyodhani.

Na kama mmeishia kupata gari moja tu, chezeni rali. Pearl of Africa Rally ndivyo inavyokwenda: gari linaondoka peke yake, saa inahesabu, kisha linalofuata. Chora njia ndefu kuzunguka nyumba, pita chini ya kamba ya nguo, zunguka jerikani, rudi. Kila mtoto anakimbia na gari lilelile, simu yako inashika muda, na gari likipinduka ongeza sekunde 5. Kwa namna hiyo gari moja linatosha watoto wa mtaa mzima. Atashindana na nani, uliuliza. Gari likianza kulia uani kwako Jumamosi moja tu, hutatafuta washindani, watakuja na wazazi wao nyuma.

Usiogope kwamba hujui lolote. Masami Hirosaka, Mjapani aliyechukua ubingwa wa dunia mara 14 katika mchezo huu, fundi wake alikuwa baba yake. Kazi yako ni kukaa karibu, kushika tochi na kusoma kitabu naye, mikono iwe ya kwake. Na wakikwambia mchezo huu ni wa wavulana, wakumbushe kwamba mwaka 2011 ubingwa wa rali wa taifa la Uganda ulichukuliwa na Susan Muwonge.

Vumbi linataka nidhamu. Baada ya kila siku ya mbio binti achukue brashi kavu ya rangi apanguse gari lote, atoe nyasi na nywele zilizojisokota kwenye ekseli, na azungushe kila tairi kwa kidole akisikiliza. Msilioshe kwa maji ya mpira. Msipake mafuta kwenye gia zilizo wazi mkidhani mnazisaidia: mafuta yanashika moramu, na moramu yenye mafuta inasaga gia usiku na mchana. Zile zilizofungwa ndani ya boksi la gia ndizo za grisi. Kati ya betri ya kwanza na ya pili acha mota ipoe. Mguse mgongo wake, kidole kisipovumilia sekunde chache, subirini. Mota ya brashi, yaani ya kawaida kama hizi za kuanzia, ikipikwa kila siku itachoka kabla ya likizo kwisha.

Huyo wa miaka 4 usimpe gari la dadake, mtagombana nyumba nzima. Mpe gari la rimoti la plastiki, la bei nafuu, likifa limekufa, na siku za mbio awe mwenye bendera ya kuanzisha. Akifika miaka 6 mjaribu kwenye namba 8 ukiwa umepunguza nguvu hadi theluthi.

Kasi ataidai, hilo halina shaka. Sponji itoke siku atakapomaliza dakika 5 mara tatu mfululizo bila gari kuinuliwa na marshali. Baada ya hapo mwache na mota ileile, abadilishe kwanza matairi na mafuta ya shokapu, aone muda wake unavyoshuka bila nguvu kuongezeka. Mota isiyo na brashi inakuja mwisho, pamoja na kidhibiti mwendo chake, kwa sababu kile cha mota ya brashi pekee hakiwezi kuiendesha, na wakati huo mjomba mtamwandikia tena.